Tangi, Utumbo wa Shaba na Kipupwe cha Ufipa

Vijana wangu, kipupwe kikianza kung'ata hapa Sumbawanga, mlango wangu haupumziki. Anakuja aliyehamia nyumba mpya, anakuja aliyeoa juzi, anakuja na yule ambaye mama mkwe ametangaza kuja kumtembelea. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Hajakaa vizuri kwenye kiti, ameshatoa simu kunionyesha picha. "Mzee, ninunue hita ya tangi, au hii ya papo kwa papo isiyo na tangi?"

Nami huwajibu kwa swali: nyumbani kwako wanaoga wangapi?

Wengi hucheka, wakidhani mzee anachungulia mambo ya ndani. Kuna mmoja alinijibu kwa kujidai kwamba anakaa peke yake. Nikamwuliza, na Jumapili je? Akajikuna kichwa. Jumapili dada zake wanakuja na watoto wao, na hakuna anayeondoka bila kuoga kwa sababu bafu lake lina vigae. Basi hukai peke yako, nikamwambia. Unalala peke yako, hilo ni jambo jingine.

Sizidharau hizi za papo kwa papo. Hazichukui nafasi, wala hazichomi umeme usiku kucha kutunza maji ambayo hakuna anayeyaoga. Lakini zinataka umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Ukiziunga kwenye waya mwembamba wa taa utanusa plastiki ikiungua kabla hujajipaka sabuni. Halafu muuzaji anakusomea boksi, na boksi limeandikwa na mtu anayeyawaza maji ya Dar es Salaam, ambayo bombani kwenyewe yanatoka yamebakiza kidogo yawe chai. Maji yetu ya Julai yanauma meno. Hita ile ile inayomwaga maji tele kule pwani, hapa ukiyataka ya moto kweli itabidi ubane koki mpaka yatoke kama mkojo wa mbuzi. Ya tangi inapasha taratibu, inavumilia, na umeme ukikatika bado una maji ya moto mpaka kesho, mradi tangi limevikwa vizuri. Ila wa kwanza akiingia bafuni akaimba nyimbo zote anazozijua, wa mwisho ataoga na meno yakigongana.

Mnaona? Jibu haliko kwenye boksi. Mimi nililipata kwenye kijiji kimoja cha Ujamaa, nikiwa nimeinama mbele ya meko, macho yamejaa moshi, wala hapakuwa na waya wa umeme hata mmoja.

Miaka ile nilikuwa fundi bomba wa serikali. Tulikuwa tunaitana ndugu, na sabuni ilipatikana kwa foleni. Umeme ulikuwa wa mjini, tena wa kubahatisha. Maji ya moto ya nyumbani, kwa mwenye bahati nayo, yalikuwa pipa: pipa limelazwa juu ya meko ya tofali nyuma ya nyumba, bomba la maji baridi linaingia kwa chini, la moto linatoka kwa juu, na bomba la kupumulia limesimama hewani. Hilo la kupumulia msilisahau maishani mwenu. Maji yanayochemka yakikosa pa kupumulia hujitafutia njia, na hayaulizi nani amekaa karibu.

Hata pipa lenyewe lina adabu zake. Fundi mwenzetu mmoja, simtaji kwa kuwa wajukuu zake ni majirani zangu, aliwahi kumfungia bwana mkubwa mmoja boila ya pipa lililokuwa la dizeli, akalisuuza mara moja akaridhika. Yule bwana mkubwa akaoga, akavaa suti yake, akaenda kuhutubia mkutano. Walioketi mbele wakawa wanageuka kutazama lori limeegeshwa wapi. Pipa la dizeli huoshwa kwa majivu na maji yanayotokota, tena na tena, mpaka ukiingiza pua unanusa chuma tu. Tuliosimulia kisa kile tulikula na fundi yule sahani moja kwa miaka, na hata yeye alikuwa akikicheka kuliko sisi.

Katika kazi ile nilikuwa na mkubwa wangu, Fundi Hamisi. Alikuwa mtu wa Kirando, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, amezaliwa mtumbwini kwa maneno yake mwenyewe, na Sumbawanga aliiona kama adhabu. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, kuanzia Mei mpaka Agosti. Ukimwuliza, anakwambia, "La chini ni la kwangu. La juu ni la baridi yenu."

Hamisi ndiye aliyenifundisha kupinda bomba bila kulivunja kiuno. Unaziba upande mmoja kwa kijiti, unajaza mchanga mkavu, unaugongagonga mpaka ushuke na kushikana, unaziba upande wa pili, ndipo unalipasha moto na kulizungusha taratibu kwenye gogo. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo tu, bomba likipata moto mvuke unakutemea kile kijiti usoni. Ukilipinda likiwa tupu, linajikunja bapa na hakuna maji yatakayopita hapo mpaka mwisho wa dunia. Alikuwa akiukausha mchanga kwenye kikaango, akiugeuza kwa mwiko kama mama anayekaanga karanga, na wapita njia wakimwuliza karanga zitakuwa tayari saa ngapi.

Tulibishana naye kila siku juu ya jambo lile lile mnaloniuliza ninyi leo. Mimi nilikuwa mtu wa tangi. Yeye alikuwa mtu wa bomba la kuzungusha, mwenyewe akiliita utumbo: shaba iliyoviringwa mizunguko ndani ya meko, maji baridi yanaingia huku, yanapita motoni, yanatoka kule yakiwa moto. Hakuna kungoja, hakuna kutunza.

"Fundi, akiba haiozi," nilikuwa nikimwambia.

"Haiozi, lakini inapoa," anajibu, na kufunga vifungo vya koti la juu.

Basi ikaja kazi ya Nesi Tupokigwe. Alikuwa mama wa Mbeya, mkunga, amepangiwa kijiji kimoja cha uwandani upande wa Nkasi, kijiji kilichokusanywa wakati ule watu walipohamishwa kukaa pamoja. Kama hamjawahi kusimama uwanda ule mwezi wa saba, siwezi kuwaeleza. Ni majani matupu mpaka macho yachoke, na upepo unakuja kutoka mbali bila kukutana na mti wa kuupunguza kasi. Asubuhi majani ya bondeni yanakuwa meupe kwa umande ulioganda. Zahanati ya kijiji ilikuwa kuta tu, inangoja mabati. Wanawake walikuwa wanajifungulia nyumbani kwa nesi, chumba cha nyuma.

Nilipofika aliniketisha, akanipa uji, akaniambia bila kuzunguka, "Ndugu Fundi, kuna mama hapa anaitwa Sabina. Amejifungua mara mbili, zote kipupwe, watoto wadogo wadogo. Wa kwanza nilikuta ameshapoa. Wa pili alifia mikononi mwangu huku nachochea kuni mbichi zisizowaka. Sasa ana mimba ya tatu, na hesabu inaangukia Julai tena."

Nikasema pole.

"Pole haitoshi. Nataka maji ya moto mtoto anapotoka. Siyo baada ya saa nzima. Anapotoka."

Nikamwambia atayapata. Mtu wa tangi hana wasiwasi. Nikahesabu wa nyumbani: nesi mwenyewe, binti yake, mzazi, na mtu wa kumwangalia mzazi. Wanne. Pipa moja litawatosha na kubaki. Nikalijenga vizuri, wallahi. Nikalivika mabua ya ulezi, nikalikandika udongo juu yake mpaka likawa nene kama kichuguu, na jioni ukiwasha kuni, asubuhi maji bado yanakataa kidole. Kijiji kilijitolea tofali, na kwa zamu kikaleta kuni na maji ya kijito ya kulilisha, na mimi nikarudi mjini nikitembea kwa maringo.

Haukupita muda nikaitwa. Nesi alikuwa amefura. Kila akifungua koki, maji ni baridi. Nikakagua meko, nikakagua mabomba, kila kitu kizima. Ikabidi nilale pale nione mwenyewe. Kulipopambazuka tu nikamwona Bibi Godeliva, ambaye ni mama mkwe wa huyo Sabina, anakuja na debe lake kichwani. "Hodi! Mmeamkaje?" Akasalimia, akauliza habari za nyumba yote, akajaza debe maji ya moto, akaenda zake. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wengine, na vibuyu, na sufuria, na mtoto mmoja na kikombe. Jua lilipotoka pipa langu lilikuwa limejaa maji ya kijito.

Hapo nikajicheka. Mimi ni Mfipa, nimelelewa huku huku, na bado nilihesabu watu kama mgeni. Kwetu jirani hanyimwi moto. Asubuhi unachukua kaa kwa mwenye moto, na anayekunyima hana sifa ya kuitwa mtu. Sasa maji ya moto yana tofauti gani na moto? Tena tofali ni zao, kuni ni zao. Katika kijiji kile wanaooga nyumbani kwa nesi hawakuwa wanne. Walikuwa kijiji kizima.

Nesi Tupokigwe alitaka kufuli. Nilimshauri asifanye hivyo, akanijibu kwamba mimi nitarudi mjini na yeye ndiye atakayemzika mtoto wa tatu. Nikafunga kufuli kwenye koki.

Wanakijiji hawakugomba. Afadhali wangegomba. Walisalimia kwa heshima zote, wakapita. Na zamu ya kuni ikafa. Hakuna aliyesema amekataa. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine shoka halina mpini. Pipa likawa na kufuli na maji baridi ndani yake, nesi akawa anatafuta kuni mwenyewe uwanda usio na miti. Sabina alikuwa anapita pale akienda kisimani, tumbo limeshajitokeza, anatazama ile kufuli.

Niliporudi mara ya tatu nilimleta Hamisi. Alikagua kazi yangu, akaisifu, jambo lililonitia hofu kwa sababu hakuwa mtu wa kusifu. Kisha akasema, "Tangi zuri sana. Lakini maji yaliyokwisha kupashwa ni kama ugali uliokwisha kupakuliwa. Anayepita anaona sahani. Utumbo wangu hauna kitu ndani yake mpaka uwashe. Atakuja na debe, achote nini?"

Shaba haikupatikana dukani miaka ile, msinicheke. Tuliipata Kipili, kwenye friji kubwa la samaki lililokufa zamani na kuachwa liwe nyumba ya kuku. Tulishuka ziwani kwa lori la dagaa. Kadiri tulivyoshuka ndivyo Hamisi alivyovua, koti la juu, koti la chini, mpaka tukafika pwani ya ziwa amebaki na singlendi na tabasamu. Ndugu zake walipouliza shaba tunaipeleka wapi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kupasha maji! Wao wanayatafuta yaliyopoa.

Tukapandisha shaba, tukakaanga mchanga, tukapinda. Tukajenga meko ya pili membamba, marefu, yenye tundu la hewa chini, tukautundika utumbo ndani yake, na juu kwenye jukwaa tukaweka pipa la maji baridi la kuulisha. Bomba likatoboa ukuta na kuingia chumba cha nyuma, lisiwe na koki yoyote upande wa kutokea. Hili nalo lishikeni: utumbo unaufungia na kuufungulia pale maji yanapoingia, kamwe siyo yanapotoka, la sivyo unatengeneza bunduki.

Siku ya kuujaribu kijiji kilikuja kutazama. Tukawasha kwa magogo. Tukangoja. Yakatoka maji ya uvuguvugu, ya kunawia mtoto mtundu. Watu wakakohoa kwa adabu. Bibi Godeliva akasogea, akachungulia ndani ya meko, akauliza, "Ninyi, mnapika maharage? Kwa nini mmeweka kuni za maharage?"

"Kwani tuweke nini, bibi?" Hamisi akauliza.

"Kitu kinachowaka upesi. Magunzi." Akamtuma mtu, yakaletwa magunzi ya mahindi makavu tenga zima. Ndimi za moto zikapanda zikailamba shaba mizunguko yote. Kabla watu hawajamaliza kucheka, bomba likakohoa mvuke. Gogo ni la tangi, kwa sababu tangi lina subira. Utumbo unataka moto mwepesi, mkali, wa karibu, na mtu wa kuulisha bila kuondoka. Toka siku ile nimelisema hilo kwa kila mteja, ingawa siku hizi magunzi yanaitwa wati.

Hamisi alikuwa anataka tulibomoe tangi langu. Bibi Godeliva akamzuia. Akamgeukia nesi, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, ulitufungia kwa sababu ulituona tunachota. Hukutuambia turudishe."

Nesi akaitazama kufuli. Kisha akasema, "Ningesemaje, bibi, na mimi ni mgeni?"

"Ndiyo hivyo unasema. Anayechota debe la moto, amwage debe la baridi na aache kwapa moja la kuni. Nani atakataa?"

Hakuna aliyekataa. Kufuli ikatolewa, nikajenga pipa la pili ubavuni mwa lile la kwanza, na niliporudi kukagua, nilikuta maji ya nyumba ile yana moto kuliko siku zote nilizokuwa nikiyahesabu kwa watu wanne. Wachotaji ndio waliokuwa wanautunza moto. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nyumba moja kwenye uwanda usio na miti haichemshi pipa. Hamisi alikubali kwa shingo upande. Mimi nami nikakubali kwa shingo upande kwamba utumbo ubaki, wa dharura. Tukawa tumeshindwa wote wawili, na tulikunywa togwa kwa jambo hilo.

Sasa nisikilizeni.

Koki ya tangi ilianza kuvuja, kama koki zinavyovuja, na nikaenda kuibadilisha. Nilikuwa peke yangu. Hamisi alikuwa na kazi mjini. Ilikuwa mchana mweupe, upepo unapuliza, na kijiji kilikuwa kitupu kwa sababu watu wote walikuwa shamba la kijiji wanapura ulezi. Nikamwaga maji ya mapipa yote mawili ya tangi, nikazima meko, nikafungua koki. Nikiwa nazungushia katani ya kuzuia uvujaji kwenye nyuzi za bomba nikamwona Filberti, mume wa Sabina, anakuja anasukuma baiskeli, na Sabina amekaa nyuma ameinama.

"Nesi yupo?" akauliza. Hakunisalimia, na Filberti alikuwa mtu wa salamu.

Hesabu ya Julai ilikuwa bado. Mtoto yule hakuwa na haja na hesabu zetu. Nesi akatoka, akamtazama Sabina mara moja tu, akamshika mkono wakaingia. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Fundi, maji!"

Nikaliangalia tangi langu, limefunguka tumbo, kavu. Nikasema, "Utumbo, nesi. Nipe muda kidogo."

"Muda ninao kidogo sana," akasema, na dirisha likafungwa.

Filberti alikuwa amesimama na baiskeli yake. Desturi inasema mwanamume akae mbali na nyumba ya uzazi, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshageuka kuondoka. Nikamwita. "Ndugu, njoo hapa upige magoti. Kazi yako ni magunzi. Usitie mengi yakazima moto, usitie machache. Mkono mmoja, halafu mkono mmoja." Akalaza baiskeli chini, akapiga magoti.

Nikawasha moto, nikafungua maji ya kuingia kwenye utumbo, nikatega sikio. Hita ile haikuwa na kipimo, kipimo kilikuwa masikio. Bomba likinyamaza maji ni baridi, punguza. Likiimba yako sawa. Likikohoa yamezidi, fungua kabla hujamwunguza mtu. Nesi alikuwa anaita kupitia tundu la ukuta. "Baridi bado!" Nikabana. "Sawa... sawa... Moto mno!" Nikafungua. Sabina hatukumsikia kabisa, na ukimya wake ndio uliokuwa unamwua Filberti. Machozi yalikuwa yanamtoka, akasema ni moshi. Nikasema moshi wa magunzi ni mbaya sana.

Kisha nikabisha hodi kwenye pipa la jukwaani kwa ufunguo wa mabomba, likalia tupu karibu na katikati. Utumbo hauna akiba, unakula unachopewa. Kama pipa lingekauka, ama tungezima moto, ama shaba ingeyeyuka viungo. Siwezi kuondoka kwenye koki, Filberti hawezi kuondoka kwenye moto.

Ndipo nikasikia miguu. Bibi Godeliva alikuwa ameona moshi wa nyumba ya nesi kutoka shambani, mweusi, saa ambayo si ya kuwasha, na akaelewa. Alikuja na wanawake nyuma yake, makapi ya ulezi bado kwenye vitambaa vyao vya kichwa, na kila mmoja alikuwa amepitia kijitoni akajaza alichokuwa nacho. Hakuna aliyeuliza swali. Wakapanga mstari hadi jukwaani, debe likapanda, debe tupu likashuka. Bibi akanitazama, akamtazama mwanawe aliyepiga magoti mahali asipotakiwa, akasema, "Endelea hivyo hivyo," akaingia ndani.

Mtoto akatoka. Tulijua kwa sababu nesi aliacha kuita. Halafu kikapita kimya kirefu, halafu sauti ndogo sana, nyembamba, ya kitu kinacholalamika. Wanawake kwenye mstari wakasimama na madebe mikononi.

"Msisimame!" nesi akapaza sauti. "Maji!"

Alikuwa na chupa tupu za dripu. Alizijaza maji ya moto, akazivika vitambaa, akazipanga kumzunguka mtoto kifuani kwa mama yake, na zikianza kupoa anamwaga na kujaza nyingine. Bibi baadaye alituambia mtoto alikuwa na rangi ya majivu na alienea kwenye viganja viwili. Nje hatukujua lolote. Tulijua tu kwamba chupa zinajazwa, na kama zinajazwa bado kuna wa kupashwa. Jua likaanza kuinama, upepo ukazidi, magunzi ya tenga la kwanza yakaisha, wakaleta jingine. Mgongo wangu uliganda kwenye ile koki.

Mwishowe dirisha la chumba cha nyuma likafunguka kidogo. Nesi Tupokigwe akasimama hapo na furushi la khanga kifuani.

"Filberti. Sogea."

Filberti akanyanyuka, magoti yamekufa ganzi, akasogea. Hakuruhusiwa kuingia, naye hakuomba. Nesi akaukinga upepo kwa mgongo wake, akafunua pembe ya khanga, akatoa kitu kimoja tu: mguu. Mguu mdogo kuliko kidole changu gumba, na rangi yake ilikuwa nyekundu.

"Shika."

Filberti akatazama mikono yake. Ilikuwa myeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko. Akaificha nyuma. Basi akainama, akauwekea ule mguu shavu lake, akafumba macho.

"Ni wa moto," akasema.

"Ni wa moto," nesi akajibu. Kutoka ndani tukamsikia Sabina akicheka, kicheko kilichochoka, akimwambia mama mkwe wake, "Mwambie asimpake masizi."

Dirisha likafungwa. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka waliobaki shambani wakaitikia. Nikamwambia Filberti basi sasa apumzike, tangi nitalifunga, zamu ya jioni itawasha kuni kama kawaida. Hakunisikia. Alikuwa amesharudi kupiga magoti mbele ya meko, anatia magunzi, mkono mmoja, halafu mkono mmoja.